Kliniki ya vijiwe vya figo mjini Tanga: ukoo kwanza, vinasaba baadaye

Kliniki moja binafsi iliyopo Chumbageni, mjini Tanga, inatoa huduma maalumu kwa watu wenye vijiwe vya figo, na tangazo lake linaahidi kwamba mgonjwa atatafutiwa chanzo cha ugonjwa wake hadi kwenye vinasaba. Jina la kliniki naliacha, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza zinarekebishika, na kwa kuwa nia yangu ni msomaji ajue cha kudai popote atakapotibiwa. Nilifika pale nikimsindikiza dada yangu na mwanawe wa miaka 13, ambaye alikwisha kutolewa kijiwe katika hospitali ya mji mwingine, na sasa figo yake ya upande wa pili ilikuwa imeanza kumsumbua. Mimi mwenyewe nilikuwa na haja yangu, kwani baba yetu aliugua vijiwe na nami nimewahi kupitisha kimoja kwa maumivu ambayo aliyeyapata hahitaji kusimuliwa. Kwa hiyo huduma hii nimeiona kwa mtoto mwenye ugonjwa wa kurithi ulio wazi, na nimeiona kwa mtu mzima mwenye vijiwe vya kawaida, na tofauti ya hali hizo mbili ndiyo iliyonionyesha ubora wa kliniki na mahali inapopotoka.

Mapokezi ni ya heshima na foleni si ndefu. Ada ya kumwona daktari haipishani sana na ya kliniki nyingine binafsi za mjini. Kinachoitofautisha kliniki hii ni kwamba mgonjwa, kabla hajapelekwa kwenye ultrasaundi, anakaa na muuguzi ambaye kazi yake ni kuchora ukoo. Tulikuwa tumekwenda na mama yetu, na hilo lilikuwa jambo la heri, kwa sababu yeye ndiye anayeyajua mambo ambayo sisi watoto hatukuwahi kuyauliza.

“Shikamoo, bibi,” muuguzi alimwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Hujambo?”

“Sijambo. Bibi, naomba unitajie ndugu zako wote wa tumbo moja, walio hai na waliotangulia mbele ya haki, na kila mmoja aliugua nini.”

Mama alianza kuwataja mmoja mmoja, na muuguzi akawa anachora kwenye karatasi kubwa: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, wino mzito kwa aliyeugua. Mama alipofika kwa kaka yake wa Pangani alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba huyo alikuwa akilia mbavu tangu utotoni, na wazee wakisema ni ngiri, wakimchemshia mizizi, hata akafa kijana akiwa amevimba miguu na uso. Muuguzi akauliza kama mkojo wake uliwahi kuwa na damu, na kama kuna siku alitoa kitu kigumu. Mama alikumbuka kwamba marehemu bibi yetu alikuwa na vijiwe viwili alivyovihifadhi ndani ya kikopo, vya rangi ya njano. Muuguzi aliuweka wino kwenye mraba wa mjomba. Baadaye alichora mistari miwili badala ya mmoja kati ya dada yangu na mumewe, alama ya wanandoa walio ndugu wa damu, kwa sababu shemeji yetu ni mtoto wa mjomba mwingine. Karatasi hiyo moja, iliyogharimu muda na subira tu, ilikuwa imekwisha kusema mengi kabla damu haijatolewa.

Maswali haya yana msingi. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1997, ambao uliwafuatilia wanaume wanaofanya kazi za afya, ulionyesha kwamba aliye na ndugu mwenye vijiwe alikuwa na uwezekano wa kuvipata unaozidi mara mbili na nusu ule wa asiye na ndugu kama huyo. Mwaka 2005 ukachapishwa mwingine uliowalinganisha mapacha waliotumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam, wa kufanana kabisa na wasiofanana, na hesabu yake ikaonyesha kwamba asilimia 56 ya tofauti kati ya mtu na mtu katika kupata vijiwe inatokana na urithi. Sehemu iliyobaki ni ya maisha anayoyaishi mtu, na hapo familia huchanganya mambo, kwa kuwa ndugu hurithishana jeni na pia hula chungu kimoja, hutia chumvi kwa kipimo kimoja na hutokwa jasho katika joto lilelile la pwani. Daktari wa kliniki hii alilieleza hilo vizuri, bila haraka, na hakumwacha mama yetu aondoke akidhani kwamba damu ya kwao ina laana.

Hata hivyo, karatasi ya ukoo huanzia mahali pasipofaa. Fomu ya kwanza hujazwa kaunta, mbele ya wagonjwa wanaosubiri kwenye benchi, na karani huyasoma maswali kwa sauti. Dada yangu aliulizwa, “Wewe na mumeo ni ndugu?” mbele ya watu wanaowafahamu wote wawili. Ndoa za binamu ni za kawaida katika mwambao wetu na hakuna aibu ndani yake, lakini swali linaloulizwa kwa ajili ya kutafuta ugonjwa wa mtoto lina uzito ambao haupaswi kubebwa hadharani. Muuguzi aliyekuja kuliuliza tena chumbani alilifanya kwa staha, mlango ukiwa umefungwa. Kliniki ingeweza kuliondoa swali hilo kaunta leo hii bila gharama yoyote.

Sehemu iliyonivutia zaidi ni maabara. Tulikuwa tumeagizwa tuje na mkojo wa kwanza wa asubuhi wa mtoto, kwa sababu ndio uliokolea zaidi, na mtaalamu wa maabara aliuzungusha kwenye mashine, akachukua tone la masimbi yaliyotuama chini, akaliweka kwenye kioo. Alipokwisha kuiweka sawa hadubini yake alituita tutazame. Palikuwa na vipande bapa visivyo na rangi, vingine vimelaliana, na kila kimoja kina pembe sita zilizonyooka kana kwamba zimekatwa kwa rula. Hakuna dutu nyingine ya kawaida kwenye mkojo inayofanya umbo hilo kwa namna hiyo. Ilikuwa ni sistini, na jina la ugonjwa wa mpwa wangu, ambalo hospitali ya kwanza haikulipata kwa kuwa kijiwe alichotolewa kilitupwa bila kuchunguzwa, lilipatikana kwa hadubini ambayo karibu kila maabara ya wilaya inayo. Jambo hili liliniuma, na ninaliandika ili mzazi mwingine adai kijiwe cha mwanawe kabla hakijaishia kwenye ndoo ya taka. Sampuli nyingine ilitumwa nje ya Tanga ili kupima kiasi cha sistini kinachotoka kwa siku nzima, na majibu yalipokuja yalithibitisha kile tulichokiona.

Ugonjwa wenyewe huitwa sistinuria. William Hyde Wollaston aliitambua dutu hii huko Uingereza mwaka 1810 katika kijiwe cha kibofu kisichofanana na vingine, na karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1908, daktari Archibald Garrod aliutaja ugonjwa huu miongoni mwa kasoro chache za kuzaliwa nazo zilizomfanya aamini kwamba mwili unaweza kurithi hitilafu katika ushughulikiaji wa vyakula. Sistini ni asidi amino, yaani kipande kimojawapo cha protini. Kwa kawaida figo huichuja kisha huirudisha karibu yote kwenye damu kupitia mlango maalumu uliojengwa kwa protini mbili, moja ikitoka kwenye jeni iitwayo SLC3A1 na ya pili kwenye SLC7A9. Mlango huo ukiharibika, sistini hubaki kwenye mkojo pamoja na asidi amino nyingine tatu. Zile tatu huyeyuka vizuri na hazina madhara, lakini sistini haiyeyuki vyema: lita moja ya mkojo wa kawaida huweza kubeba takribani miligramu 250 tu, ilhali mgonjwa anaweza kutoa zaidi ya miligramu 400 kwa siku. Kinachozidi hugeuka fuwele, na fuwele hushikamana kuwa kijiwe kigumu ambacho hata mawimbi ya kuvunjia vijiwe hupata shida kukipasua.

Duniani kote ugonjwa huu hukadiriwa kumpata mtu mmoja katika kila watu 7,000. Miongoni mwa watu wazima wenye vijiwe, wa sistini ni asilimia moja au mbili tu, lakini kwa watoto sehemu hiyo ni kubwa zaidi, na ndiyo sababu kijiwe cha mtoto hakipaswi kuchukuliwa kama cha babu yake. Daktari alimweleza dada yangu urithi wake kwa kutumia selimundu, ugonjwa ambao hapa kwetu karibu kila familia imeusikia: baba na mama wote wawili ni wazima lakini kila mmoja amebeba nakala moja ya jeni yenye kasoro, na kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kukutanisha nakala mbili. Wazazi wakiwa na babu mmoja, uwezekano wa wote wawili kuibeba kasoro ileile huongezeka. Alisisitiza kwamba hesabu hiyo huanza upya kwa kila mimba, na kwamba mtoto mmoja kuugua hakuwakingi wadogo zake. Aliongeza jambo ambalo sikulitegemea kulisikia Tanga, kwamba baadhi ya waliobeba nakala moja tu yenye kasoro kwenye jeni ya SLC7A9 nao hutoa sistini nyingi kuliko kawaida, na wachache wao hupata vijiwe. Kwa hiyo aliagiza wadogo zake mtoto wapimwe mkojo wote, pamoja na wazazi. Mdogo mmoja wa kike amekutwa na fuwele zilezile kabla hajaumwa hata siku moja. Kwa hilo peke yake, sisi tunaishukuru kliniki hii.

Tiba waliyompangia ni ya maji kwanza. Mtu mzima mwenye sistinuria hulengwa atoe mkojo usiopungua lita 3 kwa siku, na mtoto hupimiwa kulingana na mwili wake, mchana na usiku, ikiwa na maana kwamba anaamshwa usiku anywe na akojoe, kwa sababu saa za usingizi ndizo mkojo unapokolea. Anapewa dawa ya potasiamu sitreti ili mkojo usiwe na asidi, kwani sistini huyeyuka zaidi mkojo unapokuwa na alkali, na familia imefundishwa kuupima kwa karatasi zinazobadilika rangi. Ikiwa haya hayatoshi, kuna dawa kama tiopronini zinazoikata sistini iyeyuke, lakini zina madhara yake na daktari hakuzikimbilia. Chumvi imepunguzwa, kwa sababu kadiri mtu anavyokula chumvi nyingi ndivyo figo zinavyotoa sistini nyingi. Hili ndilo gumu kuliko yote katika nyumba ya pwani, penye ng'onda, achari na dagaa wa chumvi, na mtaalamu wa lishe alifanya vizuri kukaa na mama yetu, anayepika, badala ya kuzungumza na mtoto pekee.

Kliniki pia ilitoa barua kwa mwalimu mkuu ikimwomba amruhusu mtoto kukaa na chupa ya maji darasani na kutoka kwenda chooni bila kuomba kila mara. Ni karatasi ya nusu ukurasa, lakini bila hiyo maagizo yote ya maji yangeishia getini. Nimeona hospitali kubwa zikiandika dawa za bei ghali na kulisahau jambo la namna hii.

Walichokisahau wao ni Ramadhani. Katika mji ambao Waislamu ni wengi kama Tanga, kipeperushi cha vijiwe vya figo kisichosema neno kuhusu saumu hakijawafikiria wasomaji wake. Ilibidi dada yangu aulize mwenyewe. Daktari alijibu kwa uwazi kwamba mtoto huyu hawezi kukaa kuanzia alfajiri hadi magharibi bila maji pasipo fuwele kujikusanya, na akamshauri azungumze na sheikh wake kuhusu ruhusa ya mgonjwa. Jibu lilikuwa jema, ila lingepaswa kuwa limeandikwa, kwa sababu wapo watakaoona haya kuuliza.

Kipeperushi hicho kina kasoro kubwa zaidi. Ni kimoja kwa wagonjwa wote, na kinamwambia kila mwenye vijiwe aache maziwa. Ushauri huu ni wa zamani na umekwisha kuonyeshwa kuwa si sahihi kwa watu wengi. Nchini Italia, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2002, wanaume 120 waliokuwa wakipata vijiwe vya kalsiamu mara kwa mara waligawanywa: 60 walipunguziwa kalsiamu, na 60 wengine wakaachiwa kalsiamu ya kawaida huku wakipunguziwa chumvi na nyama. Baada ya miaka mitano, vijiwe vilikuwa vimerudi kwa watu 23 wa kundi la kwanza na 12 wa kundi la pili. Sababu ni kwamba kalsiamu ya chakula hukutana tumboni na oksaleti, dutu iliyomo kwenye vyakula kama mchicha, zikashikana na kutoka pamoja na choo. Mtu akiiacha kalsiamu, oksaleti hubaki huru, huingia kwenye damu na kuishia kwenye figo. Daktari mwenyewe aliniambia niendelee kunywa maziwa pamoja na mlo, hasa ninapokula mchicha ambao una oksaleti nyingi, na mchicha huo uchemshwe na maji yake yamwagwe. Kwa hiyo mgonjwa anatoka na maneno ya daktari masikioni na karatasi inayoyapinga mkononi, na huko nyumbani karatasi ndiyo itakayobaki. Mkoa unaojivunia maziwa kama Tanga haustahili kipeperushi hicho.

Sasa nije kwenye vinasaba, ambavyo ndivyo vilivyopewa nafasi kubwa kwenye tangazo. Kipimo chenyewe hutolewa kwa damu au mate, sampuli hupelekwa nje ya nchi, na jeni kadhaa zinazohusiana na vijiwe husomwa kwa pamoja. Bei yake ingetosha kununua ndama jike wa maziwa. Kwa mpwa wangu tulishauriwa kwamba si lazima, kwa kuwa fuwele zimekwisha kuutambulisha ugonjwa na tiba isingebadilika kwa kujua ni jeni ipi kati ya mbili. Huo ulikuwa ushauri wa uaminifu wa daktari. Lakini ilipofika zamu yangu, mimi ambaye kijiwe changu kilichunguzwa na kukutwa ni cha kalsiamu oksaleti, karani wa malipo alinieleza kwamba kipimo hicho “kitaniambia kama vijiwe vitarudi”. Hilo si kweli.

Vijiwe vya kawaida, vya kalsiamu, ambavyo ndivyo vingi kuliko aina nyingine zote, havirithiwi kwa jeni moja. Vinachangiwa na jeni nyingi, na kila moja inasukuma kidogo tu. Mfano ulio wazi ni jeni iitwayo CLDN14, inayohusika na namna figo inavyoipitisha kalsiamu. Watafiti walioitangaza mwaka 2009, wakitumia sampuli za watu wa Iceland na Uholanzi, walikuta kwamba takribani asilimia 62 ya watu wa huko wana nakala mbili za aina yenye hatari, na kwamba hatari yao ya kupata vijiwe ni kama mara 1.64 ikilinganishwa na wasio na nakala hata moja ya aina hiyo. Msomaji alitafakari hilo: zaidi ya nusu ya watu wanayo “jeni mbaya”, na walio wengi kati yao hawataugua vijiwe maisha yao yote. Jeni nyingine zilizotajwa na wachunguzi, kama CASR inayohusika na kuitambua kalsiamu mwilini na ALPL inayohusika na fosfeti, nazo ni hivyohivyo. Tena sehemu kubwa ya utafiti huu umefanywa kwa watu wa Ulaya na Japani, na kuyachukua matokeo yake moja kwa moja kumtabiria Mdigo au Mbondei ni kwenda mbele kuliko ushahidi unavyoruhusu. Kwangu mimi, ukweli kwamba baba aliugua na kwamba nimekwisha kupata kijiwe kimoja unatabiri zaidi kuliko orodha hiyo ya herufi, na ni bure.

Hata hivyo, sitaki msomaji aondoke akidhani kwamba kipimo hiki hakina maana. Wapo watu ambao kwao ni cha thamani kubwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 wa wagonjwa 272 wenye vijiwe au chokaa iliyojikusanya kwenye figo ulipata chanzo cha jeni moja kwa karibu asilimia 15 yao, na kwa watoto ilikuwa takribani asilimia 21. Mfano mzito ni haiparoksaluria ya msingi aina ya kwanza, ambapo jeni ya AGXT ina kasoro, kimeng'enya fulani cha ini hakifanyi kazi, na ini hutengeneza oksaleti nyingi kiasi cha kuziua figo. Zamani tiba yake ya uhakika ilikuwa kupandikiza ini, mara nyingi pamoja na figo. Tangu mwaka 2020 kuna dawa ya sindano, lumasirani, inayolizuia ini lisitengeneze oksaleti hiyo, na baadhi ya wagonjwa husaidiwa hata na vitamini B6, kutegemea aina ya kasoro iliyo kwenye jeni yao. Kupandikiza figo bila kuutambua ugonjwa huu ni kuipeleka figo mpya kwenye maangamizi yaleyale. Mwingine ni upungufu wa kimeng'enya cha APRT, ambao vijiwe vyake havionekani kwenye eksirei ya kawaida na hudhaniwa kuwa vya asidi ya yuriki, ilhali aloprinoli, dawa ya bei nafuu inayopatikana madukani, huweza kuzilinda figo za mgonjwa iwapo itaanzwa mapema na kuendelezwa. Na yupo mtoto asiyekua vizuri, mwenye chokaa kwenye figo na asiyesikia sawasawa, ambaye figo zake huenda zimeshindwa kuitoa asidi kwa sababu ya kasoro kwenye jeni ya ATP6V1B1.

Kwa hiyo anayestahili kuambiwa atafute fedha za kipimo hiki ni mtoto au kijana mwenye vijiwe visivyoelezeka, mtu mwenye vijiwe pande zote mbili vinavyorudi kila mara, aliyejaa chokaa ndani ya figo, mwenye figo zinazoshindwa kazi pamoja na vijiwe, au aliyetoka kwenye ukoo wenye wagonjwa kadhaa na wazazi walio ndugu. Daktari wa kliniki hii anayajua yote hayo na aliyasema bila kutafuta maneno. Dosari ni kwamba kipimo kinauzwa kaunta kabla daktari hajamwona mgonjwa, na mtu mwenye hofu ya kuumwa tena atalipa chochote. Nilimwona baba mmoja mzee akihesabu noti kwa ajili ya kipimo hicho huku hajafanyiwa hata uchunguzi wa mkojo wa saa 24, ambao kwa umri wake na aina yake ya ugonjwa ungemfaa zaidi.

Fomu ya ridhaa nayo iko kwa Kiingereza kitupu. Dada yangu, kabla hatujaelezwa kwamba kipimo si lazima, alipewa aisaini bila kutafsiriwa, na hakuna mahali palipoeleza kwa lugha anayoielewa kwamba sampuli inakwenda nchi gani, itahifadhiwa muda gani, na taarifa za watoto wake zitaonwa na nani. Nchi yetu ina sheria ya kusimamia vinasaba vya binadamu tangu mwaka 2009, na mteja ana haki ya kuuliza maswali haya na kujibiwa kwa Kiswahili. Kliniki inayojua kumwamkia bibi na kumsikiliza habari za kaka yake wa Pangani haishindwi kuandika ukurasa mmoja wa Kiswahili.

Uchunguzi wa mkojo wa saa 24 waliufanya kwa uangalifu. Nilipewa dumu la lita tano lenye dawa ya kuhifadhi ndani yake, nikaelezwa niumwage mkojo wa kwanza wa asubuhi, kisha niukusanye wote hadi ule wa asubuhi ya pili, na dumu likae kivulini. Majibu yalionyesha kwamba mkojo wangu ulikuwa mchache, chumvi nyingi na sitreti (dutu inayosaidia kuzuia vijiwe) kidogo, na hayo matatu yote naweza kuyashughulikia nikiwa nyumbani. Lengo nililopewa ni kutoa mkojo usiopungua lita 2.5 kwa siku, jambo ambalo kwenye joto la Tanga linamaanisha kunywa zaidi ya hapo kwa kiasi kikubwa, kwani jasho huchukua fungu lake kwanza. Ndimu kwenye maji imeruhusiwa na kusifiwa, kwa sababu huongeza sitreti. Majibu yalieleweka, yaliandikwa kwa Kiswahili, na daktari aliyapitia kipengele kwa kipengele.

Naipendekeza kliniki hii kwa moyo wote kwa uchoraji wa ukoo, maabara na ushauri wa daktari, na hasa naipendekeza kwa mzazi mwenye mtoto wa vijiwe, hata akitoka Lushoto. Kipimo cha vinasaba asikilipie mtu mpaka daktari amweleze kwa maneno yaliyo wazi ni ugonjwa gani unaotafutwa na tiba itabadilikaje ukipatikana. Kwa upasuaji hawana uwezo, na huwaandikia wagonjwa rufaa kwenda Bombo au hospitali kubwa zaidi wakiwa na taarifa kamili mkononi. Anayekwenda na aende asubuhi, na mkojo wa kwanza wa siku ndani ya chupa safi, ili uchunguzwe ungali mbichi. Achukue kijiwe alichowahi kukitoa ikiwa amekitunza, kikiwa kikavu na kimefungwa kwenye karatasi tu. Na aandamane na mzee wa ukoo anayewakumbuka waliokufa na walichokuwa wakikilalamikia.